Mama na Feza: Kadi, deni na jina lako

 

Juma hili tunajibu ulizo linalorudi mara nyingi kwenye vikundi: "Watoto wetu walio Marekani na Kanada wanasema kule mtu anapewa kadi, anakopa nayo, analipa, na banki inazidi kumwamini. Sisi huku tunaweza kupata jina zuri kama hilo namna gani?"

Ulizo hili ni la maana. Kila mama anajua kwamba siku moja mtoto atalazwa hospitali, au mvua itaharibu mali sokoni, au mwezi wa tisa utafika na feza ya masomo haijatimia. Siku hiyo, mama mwenye jina zuri atapata mkopo wa riba ndogo. Asiye na jina atakwenda kwa mkopeshaji wa kartiye, naye atatoka huko na mzigo mkubwa kuliko ule aliokwenda nao. Jina zuri linatengenezwa mapema, wakati nyumba ina amani.

KADI ZOTE SI ZA MKOPO

Kwanza tutenganishe vitu. Kadi ambayo wengi wetu tunaijua hapa Congo, ile ambayo mwalimu, muuguzi au mfanyakazi wa serikali anatolea mshahara wake kwenye mashine, si kadi ya mkopo. Inatoa feza ambayo tayari ni yako. Ikiisha, imeisha. Kuna pia kadi ambayo unaijaza kwanza, kisha unalipa nayo, kama unavyoweka feza kwenye simu. Hiyo nayo si mkopo.

Kadi ya mkopo ni kitu kingine. Banki inakwambia: "Chukua mpaka dola 1,000, ni feza yetu, utalipa mwishoni mwa mwezi." Ukilipa yote kwa siku iliyopangwa, mara nyingi hulipi riba kwa vitu ulivyonunua. Ukilipa kidogo tu, deni linalobaki linaanza kuzaa. Kadi za namna hiyo ni chache sana kwetu.

Lakini kule kwenye kadi, na huku kwetu kwenye kikundi, anayekopesha anajiuliza jambo moja: huyu mtu, alipokopa mara iliyopita, alilipa siku aliyosema? Kwa hiyo mama asiye na kadi hata moja anaweza kuwa na jina zuri kwenye deni, na mwenye kadi tatu anaweza kuwa amelichafua.

JINA LINAANZIA KWENYE KIKUNDI

Kwa wengi wetu, mahali pa kwanza pa kujenga jina ni likelemba na AVEC. Kwenye likelemba, wamama wanatoa kiasi sawa kila juma au kila mwezi, na mmoja anapokea zote kwa zamu. Ukipokea wa kwanza kisha ukaendelea kutoa mpaka wa mwisho amepokea, watu wamekuona. Ukipokea kisha ukaacha kuja, watu wamekuona pia.

AVEC inakwenda mbali zaidi, kwa sababu inaandika. Namna hii ya kuweka akiba na kukopeshana ilianza mwaka 1991 huko Niger, wakati shirika la CARE lilipofanya kazi na wamama wa vijijini, na leo iko katika nchi nyingi za Afrika, hata kwetu. Mnaijua: watu kama 15 mpaka 25, sanduku lenye kufuli tatu, funguo tatu mikononi mwa watu watatu, na kila mmoja na kijitabu chake. Kila kikao mtu ananunua sehemu moja mpaka tano. Mzunguko unachukua karibu mwaka mmoja, kisha feza na faida vinagawanywa.

Tufanye hesabu. Tuseme sehemu moja ni franka 2,000. Mama ananunua sehemu 3 kila juma. Baada ya majuma 20 ana sehemu 60, yaani franka 120,000. Katika vikundi vingi mtu anaweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake, kwa hiyo huyu anaweza kuomba mpaka franka 360,000.

Lakini mama mwenye akili haombi 360,000 mara ya kwanza. Anaomba 150,000 za kununua makala kwa jumla, kwa miezi mitatu, na riba ya 5 kwa 100 kila mwezi. Kila mwezi analeta riba ya 7,500. Mwishoni amelipa riba ya 22,500 pamoja na zile 150,000. Riba yenyewe imeingia kwenye sanduku, na siku ya kugawanya sehemu yake itamrudia.

Amepata nini? Amepata faida ya makala, na pia amepata mistari kwenye kijitabu inayoonyesha: alikopa tarehe hii, alilipa tarehe hii, hakuchelewa. Mkopo wa pili utakuwa rahisi zaidi. Huyo anayekopa kidogo, analipa kwa siku yake, kisha anaongeza polepole, anafanya kile kile ambacho mtoto wake aliye Kanada anafanya na kadi yake.

KUTOKA KIKUNDINI KUFIKA KOPEKI

Siku itafika ambapo sanduku la kikundi halitoshi. Unataka kununua mashine ya kusaga, au kuongeza butike, au kuleta vitenge vingi kwa mara moja. Hapo utabisha kwenye kopeki au kwenye shirika la mikopo midogo. Ajenti wa mikopo atakuuliza maulizo, na ni vizuri uyajue mapema.

Atauliza kitambulisho, kwetu mara nyingi ni kadi ya uchaguzi. Jina lililo kwenye kadi hiyo lifanane na lililo kwenye vijitabu vyako. Mama mmoja akiandikwa majina matatu kwenye vijitabu vitatu, historia yake inakatika vipande vitatu.

Ataangalia akiba yako: umeanza lini, unaweka kila mara au uliweka mara moja tu juzi? Franka 5,000 kila juma kwa mwaka mzima zinasema mengi kuliko dola 100 zilizowekwa jana.

Atakuja kuona biashara yako na kuuliza majirani. Atauliza unauza kiasi gani kwa siku, unanunua kwa bei gani, nani mwingine anakudai. Sema ukweli. Banque Centrale du Congo ina kituo kinachoitwa Centrale des Risques kinachokusanya habari za mikopo, na hata pasipo hicho maajenti wa mji mmoja wanajuana. Deni ulilolificha likifunuliwa baadaye, linaharibu jina kuliko deni lenyewe.

Mwishowe atataka mdhamini, au kikundi kinachoshikana mikono: mmoja asipolipa, wengine wanalipa kwa ajili yake. Kabla ya kuingia katika kikundi hicho, jiulize ni nani ungekubali kulipa deni lake. Kama hakuna, usitie sahihi.

Vijitabu na risiti zote uziweke mwenyewe, mahali pakavu, pamoja na vyeti vya watoto. Wenzetu wa Goma na Bukavu waliona milango ya banki ikifungwa mwanzoni mwa mwaka 2025. Wakati kama huo, karatasi iliyo mkononi mwako na watu wa kikundi chako ndio wanaoweza kushuhudia ulivyolipa.

DOLA AU FRANKA?

Hapa wamama wengi wanaanguka bila kosa lao. Unauza nyanya, sambaza au lenga-lenga kwa franka, lakini mkopo umeandikwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwaka 2024 ilipita franka 2,700. Mtu anayedaiwa dola huku anapata franka anaweza kufanya kazi ile ile, kuuza mali ile ile, na bado kushindwa kulipa.

Kwa hiyo, kama inawezekana, kopa kwa feza ile ambayo unauzia. Kama kopeki inatoa dola tu, kopa kidogo kuliko unavyoruhusiwa, chukua muda mfupi, na kila siku ya soko kuzuri nunua dola chache za kuweka pembeni kwa ajili ya malipo.

BANQUE LAMBERT NA KADI YA MSHAHARA

Tunajua wote anayeitwa Banque Lambert. Anatoa feza leo leo, hahitaji kijitabu, haulizi unafanyia nini. Tuseme anakupa dola 100, na mwishoni mwa mwezi anataka 150. Mwisho wa mwezi unafika, huna 150. Unampa 50 ili akuvumilie, na deni la 100 linabaki. Fanya hivyo miezi sita: umelipa dola 300, na bado unadaiwa dola 100.

Sasa chukua dola 100 hizo hizo kwenye kopeki. Tuseme riba ni 3 kwa 100 kila mwezi juu ya deni linalobaki, na unalipa kwa miezi sita sawasawa. Riba yote pamoja ni dola 10 na nusu. Umelipa dola 110 na nusu, na deni limekwisha. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni feza ya masomo ya mtoto.

Kuna jambo baya zaidi. Wakopeshaji wengine wanachukua kadi ya mshahara kama rehani, pamoja na namba ya siri. Siku ya mshahara wao ndio wa kwanza mbele ya mashine. Wanatoa chao, kisha wanakupa mabaki. Mama, au baba watoto wako, akifika hapo, mshahara si wake tena. Kadi na namba ya siri ni kama ufunguo wa nyumba na mlango wake: usimpe mtu, hata ndugu, hata ajenti anayekupigia simu akisema anatoka banki. Kama kadi tayari iko mikononi mwa mkopeshaji, zungumzeni nyumbani, hesabuni deni lote, na mtafute mkopo wa kikundi au wa kopeki wa kulipa lile deni la riba kubwa. Mkiirudisha kadi, nendeni banki mbadilishe namba ya siri.

NA BABA WATOTO?

Wengine wanauliza kama mama aliyeolewa anaweza kukopa kwa jina lake. Zamani Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kutia sahihi mambo ya kisheria. Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa 7, 2016, ilibadilisha hilo. Sasa bibi na bwana wote wawili wanatakiwa kupatana kabla ya kujifunga kwa deni, mume sawa na mke. Wakiendelea kutopatana, aliyeumizwa anaweza kwenda kwenye tribunal de paix.

Kwa hiyo ajenti akikuomba sahihi ya bwana, usishangae. Lakini bwana naye akikopa, wewe una haki ya kujua. Na katika nyumba yenye masikilizano, deni linazungumzwa kabla halijachukuliwa. Deni linalofichwa chini ya godoro huwa linatokea siku ambayo ajenti anabisha mlangoni mbele ya watoto.

SHERIA TANO ZA NYUMBANI

Moja. Kopa kwa ajili ya kitu kinachorudisha feza. Mbegu, makala, unga wa kuuza, cherehani: hivi vinaweza kujilipa. Harusi ya shemeji na nguo za sikukuu hazijilipi. Kwa hizo tuweke akiba.

Mbili. Kabla ya kukopa, andika feza ya kulipa itatoka wapi kila juma. Kama jibu ni "Mungu atasaidia", omba kiasi kidogo zaidi. Mungu anasaidia, lakini ajenti anakuja na daftari.

Tatu. Usimkopee mtu mwingine kwa jina lako. Dada mkwe atakuja na machozi: "Wewe wanakuamini, nichukulie." Yeye akishindwa, ni jina lako linaloandikwa. Msaidie kwa kile ulicho nacho, au mlete kikundini aanze kujenga la kwake.

Ine. Usikope huku ili kulipa kule, isipokuwa unatoka kwenye riba kubwa kwenda kwenye riba ndogo. Mama mwenye deni kwenye AVEC mbili, kwenye simu na kwenye butike kwa wakati mmoja hajui tena anadaiwa kiasi gani.

Tano. Ukiona hutaweza kulipa, nenda kabla ya siku. Beba kile kidogo ulicho nacho, eleza sababu, omba tarehe mpya na ulipe siku hiyo. Wakopeshaji wamezoea watu wanaozima simu. Mama anayekuja mwenyewe na nusu ya malipo anaweza kuokoa jina lake. Na ninyi wenzake kikundini, mumpokee kwa heshima. Kumtangaza sokoni hakurudishi feza.

KWA WATOTO WALIO MBALI

Tumalizie kule ulizo lilikoanza. Marekani, kila mwezi banki zinapeleka habari za malipo kwa makampuni yanayotunza historia ya madeni. Kutoka hapo mtu anapata namba, mara nyingi kati ya 300 na 850. Katika hesabu inayotumiwa zaidi, kulipa kwa wakati kuna uzito wa 35 kwa 100, na kiasi unachodaiwa 30 kwa 100. Kuchelewa kulipa kunaweza kubaki kwenye historia kwa miaka saba. Namba hiyo inaangaliwa mtu anapotafuta nyumba ya kupanga au mkopo wa gari.

Wakimbizi wengi waliosafirishwa kwenda Marekani na shirika la IOM walitia sahihi deni la tiketi za ndege. Deni hilo halina riba, na malipo yake yanaandikwa. Mwambie mtoto asilidharau: huo unaweza kuwa mwanzo wa jina lake katika nchi mpya.

Juu ya kadi, mwambie atumie sehemu ndogo tu ya kiasi alichopewa, na alipe deni lote kila mwezi. Banki itamwonyesha kiasi kidogo anachoweza kulipa, na hapo ndipo mtego. Akidaiwa dola 1,000 kwa riba ya 24 kwa 100 kwa mwaka, riba ya mwezi ni kama dola 20. Akilipa dola 30, deni linapungua dola 10 tu.

Na sisi wazazi tuna sehemu yetu. Tunapompigia simu usiku tukisema "tuma leo leo", mara nyingine mtoto anatoa feza taslimu kwenye kadi ya mkopo. Feza hiyo inalipiwa ada, na riba yake inaanza siku ile ile. Tumulize kwanza: "Mwanangu, hii unaitoa kwenye mshahara au kwenye deni?" Kama ni kwenye deni, tungoje mshahara, au tutafute njia nyingine hapa.

KAZI YA JUMA HILI KWENYE VIKUNDI

1. Kila mama alete vijitabu vyake vyote. Mwandishi wa kikundi aangalie kama jina ni lile lile kila mahali, na kama kila malipo yana tarehe na sahihi.

2. Kila mama aandike, peke yake na kwa siri, madeni yake yote: nani anamdai, kiasi gani, franka au dola, siku gani. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtoto wake anayemwamini.

3. Zungumzeni pamoja: mwenzetu akija kabla ya siku kusema hana, sheria ya kikundi chetu inampa nini? Kama kitabu cha sheria hakisemi kitu, andikeni jibu lenu kabla ya kufunga sanduku.

Tuonane juma lijalo, wamama. Mbaki na amani.